Kigaga cha Ubaoni: Kuieleza Kuvumwani Inayoishi Kwenye Mti Mkavu

(Hotuba kwa walimu wa sayansi, mafundi seremala, wachongaji na wanakamati wa maliasili wa vijiji, Lindi mjini)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, mafundi, dada zangu na kaka zangu: assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na ambaye hakuguswa na salamu hizo mbili, habari za asubuhi. Shikamooni wakubwa.

Ratiba imeniweka kabla ya chai, kwa hiyo najua mipaka yangu.

Nimesikia mnong'ono pale nyuma: walimu wa baiolojia na mafundi seremala wanatafuta nini kwenye chumba kimoja? Ni mimi niliyeomba. Mada yangu ni kuieleza kwa maandishi spishi ya kuvumwani ya kigaga inayoishi kwenye mbao, na maelezo ya namna hiyo yana nusu mbili. Nusu moja ni ya kiumbe. Nusu nyingine ni ya mti. Hiyo ya pili wanasayansi wengi huiandika kwa maneno mawili tu, "kwenye ubao", halafu wanaendelea. Fundi akiambiwa "ubao" atauliza papo hapo: ubao wa mti gani, kiini au ule mweupe wa nje, umelala au umesimama, umekaa juani muda gani? Maswali hayo manne ndiyo yanayokosekana kwenye vibandiko vya sampuli nyingi nilizowahi kufungua.

Kuvumwani ni nini, nitapita haraka. Ni kuvu inayoishi pamoja na mwani mdogo sana, wa kijani au wa kijani-buluu, ndani ya mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener alipolitangaza jambo hilo mwaka 1867, wataalamu wakubwa wa wakati ule walimpinga vikali. Hawakutaka kusikia kwamba kitu walichokipa jina moja ni viumbe wawili. Leo spishi zinazojulikana duniani zinakadiriwa kufika 20,000 hivi. Jina la kisayansi la kuvumwani ni jina la kuvu yake. Mwani una jina lake mwenyewe.

Kwa umbo, wataalamu huzigawa makundi makubwa matatu. Ziko zinazofanana na majani, zile za kijivu zilizobandika kwenye mashina ya minazi na miembe. Ziko zinazoning'inia au kusimama kama vichaka vidogo. Na ziko za kigaga. Kigaga hakina ngozi ya chini. Nyuzi zake zimezama ndani ya kile kilichokibeba. Huwezi kukibandua kwa kucha. Ukikitaka, unachukua na kipande cha ubao wake.

Hapa petu kigaga ndicho kilichosahauliwa zaidi. Mwaka 1988 Mwingereza Swinscow, daktari wa tiba, na Hildur Krog wa Norway walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kuvumwani za Afrika Mashariki. Ni kazi ya heshima na ninaitumia. Lakini kama kinavyojieleza chenyewe tangu kwenye jalada, kinahusu zile kubwa, za majani na vichaka. Vigaga vimeachwa nje. Mtu akiokota kigaga kwenye boriti kuukuu Kilwa leo, hana kitabu kimoja cha kufungua akapata jibu.

Sasa tuingie kwenye mbao, maana ndiko nilikotaka kufika.

Gome na ubao ni makazi mawili tofauti. Gome la mti ulio hai hubanduka, hutanuka shina linaponenepa, na hubeba kemia ya mti wenyewe. Ubao uliovuliwa gome hautanuki tena. Jua huuchoma: miale yake huivunja lignini, ile gundi ya mti, iliyo juu juu, mvua huiosha, na kinachobaki ni nyuzi za selulosi zenye rangi ya kijivu. Mafundi mmeiona mara ngapi rangi hiyo kwenye mlango wa uani au kwenye mbavu za jahazi lililopandishwa pwani! Nyuzi hizo husimama zikaacha mifereji myembamba katikati yake. Umande huingia humo, na spora za kuvu, zile chembe zake za kuzalia, nazo huingia.

Kuna kuvumwani zinazokubali kote, kwenye gome na kwenye ubao. Kuna nyingine hazitaki ila ubao. Hizi za pili ndizo nizitakazo. Jambo la kufikiria kwa upande wetu wa Kusini ni mchwa. Kigaga hukua polepole mno. Vingi haviongezeki hata milimita chache kwa mwaka. Kiumbe cha namna hiyo kinahitaji ubao unaodumu, na hapa gogo la kawaida likianguka, mchwa hawalipi nafasi. Ndiyo maana ninawaambia vijana wasipoteze siku kwenye kila gogo. Watafute mbao zinazowashinda mchwa. Gogo la mpingo lililolala porini: ule ubao mweupe wa nje umekwisha kuliwa, kiini cheusi kimebaki. Kisiki cha mkongo. Boriti za mikoko kwenye magofu na nyumba za zamani. Nguzo za uzio wa mninga. Miimo ya milango kule Mikindani. Mchongaji wa Kimakonde anayezunguka porini kutafuta mpingo mkavu hupita mbele ya makazi haya kila wiki, na anajua kipi kimelala tangu lini. Mimi sijui. Ndiyo maana mafundi mko hapa.

Na moto usisahaulike. Miombo yetu huungua karibu kila kiangazi, na gogo kavu ndilo la kwanza kushika. Ukikuta ubao mkongwe ambao haujaungua, andika. Ukikuta umeungua upande mmoja, andika pia, na uangalie upande ule uliounguzwa: kule misitu ya misonobari ya kaskazini mwa dunia kuna kuvumwani zinazopenda ubao uliogeuka mkaa.

Nitawapa mfano wa spishi iliyoelezwa vizuri, muone maelezo yanavyokaa. Nimeichagua Xylographa parallela. Haipatikani huku, ni ya misitu ya baridi, huishi kwenye mbao za misonobari na jamaa zake zilizokufa na kuvuliwa gome. Mwishoni mwa karne ya 18 ilielezwa na Erik Acharius, daktari wa wilaya katika mji wa Vadstena, Sweden. Mtu huyu alitibu wagonjwa, na muda uliobaki akazipanga kuvumwani za dunia nzima kwa utaratibu ambao bado tunaufuata kwa sehemu.

Ukiitazama kwa macho matupu, unaona ubao wa kijivu wenye vistari vyeusi. Basi. Mwili wenyewe hauonekani, kwa sababu karibu wote uko ndani ya ubao, katikati ya nyuzi. Mara nyingine pana weupe kidogo tu juu. Weka lenzi. Vile vistari ni matunda ya kuvu, membamba, marefu kiasi cha milimita moja, wakati mwingine pungufu, wakati mwingine zaidi kidogo. Vimelala kwenye mifereji ya ubao, vyote vikielekea upande mmoja, sambamba na nyuzi za mti. Vitie tone la maji usubiri: weusi unafunguka kuwa hudhurungi. Vikate kwa wembe, weka chini ya hadubini, utaona vifuko virefu, kila kimoja kina spora nane. Spora hazina rangi, ni za mviringo mrefu, na kila moja ni seli moja isiyo na kizigeu.

Mtu atasema: lakini mbona hata mkorosho wangu una vistari vyeusi? Ni kweli, na hapo ndipo wengi hupotea. Vile vya kwenye gome la mkorosho au mwembe mara nyingi ni vya ukoo mwingine, Graphidaceae, ukoo mkubwa wa nchi za joto. Vistari vyake hupinda, hugawanyika matawi, huenda vipendako, kama mwandiko wa mtoto wa chekechea. Vya Xylographa hufuata nyuzi kwa sababu vimezaliwa ndani yake. Mwanafunzi asiyeandika kama ni gome au ubao amekwisha kuitupa alama moja muhimu kabla hajafika maabara.

Tena ndani ya jenasi hiyohiyo yupo ndugu yake, Xylographa vitiligo, anayeishi kwenye ubao wa aina hiyohiyo. Huyu hutoa madoa madogo ya unga kwenye mwili wake. Unga huo ni vipande vya kuvu na mwani pamoja, tayari kupeperushwa kwenda kuanza maisha kwingine. Parallela hana unga. Sentensi hiyo moja, "hana unga", ndiyo inayoitwa utambuzi: inasema spishi hii inatofautianaje na jirani yake wa karibu. Maelezo marefu yanaweza kujaza kurasa mbili, lakini bila sentensi ya utambuzi msomaji atabaki anahangaika. Na kazi haijaisha: mwaka 2014 Spribille na wenzake walipoipitia upya jenasi hii, kwa vinasaba na kwa hadubini, walitoka na spishi mpya nane. Kwenye misitu ambayo imechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia mbili! Fikirieni misitu yetu ya Rondo, Litipo na Noto.

Jinsi ya kufanya. Chukua patasi kali na nyundo. Kisu hakitoshi kwa mbao zetu. Kata kipande chembamba chenye ubao wa kutosha chini ya kigaga. Kikaushe kivulini, kitie kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hapana. Kwa unyevu wa pwani hii utakuta ukungu umekitangulia. Kibandiko kiandikwe palepale porini, si jioni nyumbani. Wilaya, kijiji, msitu, alama za GPS, mwinuko, tarehe, jina la aliyekusanya. Halafu zile habari za fundi: "Gogo la mpingo, limelala, kiini, bila gome, upande wa juu, jua la asubuhi tu, halijaungua." Mstari mmoja kama huo una thamani kuliko picha kumi.

Kwa wenzetu wa Mtwara mnaofanyia kazi kwenye mashamba ya mikorosho, ongezeni jambo moja: je, shamba limepulizwa salfa? Tunapuliza salfa kupambana na ubwiriunga, na ubwiriunga ni kuvu. Kuvumwani nayo ni kuvu. Nguzo ya uzio katikati ya mikorosho iliyopulizwa msimu hadi msimu siyo sawa na nguzo iliyoko kijijini, na atakayesoma sampuli yako miaka hamsini baadaye hataweza kukisia hilo.

Rangi na vipimo. Walimu, tafadhali, tuache maneno kama "kidogo" na "cheusi kiasi". Pima. Tunda lina milimita ngapi, lililo fupi kabisa na lililo refu kabisa? Spora zipimwe nyingi, angalau ishirini, kutoka kwenye matunda tofauti, na uandike ndogo na kubwa, siyo wastani peke yake. Pima zilizokwisha toka kwenye kifuko au zilizokomaa. Spora changa hudanganya. Sema mwili uko juu ya ubao au ndani yake. Sema kama una mpaka wa rangi nyingine pembeni. Usichokiona, andika kwamba hukukiona: "unga haupo" ni taarifa kamili.

Kemia nayo imo. William Nylander, Mfini aliyeishi Paris, alianza miaka ya 1860 kutumia dawa chache kupima kuvumwani, na mpaka leo tunazo. Tone dogo la potasiamu haidroksaidi linaweza kugeuza mwili njano, au njano ikaishia wekundu wa damu, kutegemea asidi iliyomo. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ya dukani, ni kipimo cha pili. Iodini ni cha tatu, kwa vifuko vya spora. Tone liwe dogo kama kichwa cha pini, na potasiamu haidroksaidi inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo mwalimu aishike mwenyewe. Kwa wanaoona hizi ni habari za mbali: rangi ya karatasi ya litimasi mnayotumia kupimia asidi darasani asili yake ni kuvumwani, jamaa ya Roccella. Roccella hukua kwenye miti ya pwani yetu, na katika karne ya 19 ilikuwa bidhaa, ikisafirishwa kupitia Zanzibar kwenda kutengenezwa rangi.

Ukishajiridhisha kwamba spishi ni mpya, sheria za kuipa jina si nyingi lakini hazina mchezo. Zamani ilikuwa lazima maelezo au utambuzi uwe kwa Kilatini. Tangu tarehe 1 Januari 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Kiswahili peke yake bado hakitoshi, ila hakuna sheria inayokukataza kuweka maelezo kamili ya Kiswahili pembeni, na mimi nawashauri mfanye hivyo. Tangu 1 Januari 2013 jina jipya la kuvu lazima lisajiliwe kwenye daftari la kimataifa na kupewa namba. Bila namba, jina si halali. Na lazima uitaje sampuli moja, holotaipu, ambayo jina limefungwa kwayo milele, pamoja na hebaria, yaani ghala la sampuli kavu, inakotunzwa.

Hilo la mwisho watu wa Lindi hatuhitaji kufundishwa sana. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria kule Tendaguru, na mjusi yule mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 amesimama Berlin. Kila mwenye kutaka kumchunguza huenda Berlin. Sizungumzii siasa ya kumrudisha. Wapo wanaoizungumza vizuri kuliko mimi. Nasema kwamba kigaga chenye upana wa kiganja kinaweza kufuata njia ileile ndani ya bahasha ya posta, na hakuna atakayegundua. Holotaipu ya spishi ya Lindi ikae hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nakala ziende nje kwa wataalamu. Ili nakala ziwepo, kipande kiwe kikubwa tangu siku ya kukata. Uamuzi huo hufanywa na mwenye patasi, porini, kabla ya mtu yeyote kufungua hadubini. Nakala ni lazima ziwe za mkusanyo uleule. Ukirudi mwezi ujao ukakata gogo la pili, hiyo ni sampuli nyingine, hata kama gogo liko hatua mbili.

Jina lenyewe chagueni kwa utulivu. Komba mdogo wa Rondo amebeba jina la Rondo ulimwenguni kote tangu miaka ya 1990. Jina la mahali hudumu. Jina la kumfurahisha mfadhili hutia aibu baadaye. Ni maoni yangu tu.

Nimeletewa maswali matatu kwenye vikaratasi.

Fundi mmoja anauliza kama vigaga hivi vinaharibu mlango wa kuchonga. Jibu fupi, fundi wangu, havili mbao kwa namna ya kuvu wanaoozesha. Nyuzi zake huingia juu juu. Adui wa mlango ni maji yanayosimama, mchwa, na yule anayeusugua kwa brashi ya waya ili upendeze kwa watalii. Brashi hung'oa kigaga pamoja na nakshi.

Mwalimu anasema shule yake haina hadubini. Lenzi ya mkono ya mara kumi inatosha kufika nusu ya safari: gome au ubao, vistari au visahani, unga upo au haupo, vinafuata nyuzi au havifuati. Ukiegesha lenzi hiyo kwenye kamera ya simu utapata picha ya kutosha kumtumia mtu mwenye hadubini. Spora zitasubiri, sampuli kavu iliyotunzwa vizuri hukaa miaka mingi sana.

La tatu limetoka kwa mama mmoja wa kamati ya maliasili: kijana akija kijijini na patasi akisema ni mtafiti, kamati ifanye nini? Mama, muulize karatasi. Mtafiti awe na kibali cha utafiti, na hicho hutolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Akitaka kuingia hifadhi ya serikali, apate ruhusa ya wakala wa misitu. Akitaka msitu wa kijiji, aje kwenye serikali ya kijiji na kwenu kamati, ajiandikishe kwenye daftari, aseme anakata nini na kiasi gani. Akitaka kuzipeleka sampuli nje ya nchi, hilo lina kibali chake peke yake. Na kabla hajaondoka, mwambieni aache nakala ya orodha ya alivyokusanya, yenye namba zilezile zilizo kwenye bahasha zake, ili siku jina likitoka mjue limetoka kwenye gogo lipi.

Vipande vya mbao na lenzi viko meza ya nyuma. Chai nayo iko hukohuko, kwa hiyo naomba vikombe vikae upande wa dirishani.